Kiganja Kisichoguswa

Kila asubuhi, kiwandani kwao Thika, wakata mananasi hunyoosha mikono mlangoni. Msimamizi Githae hubonyeza viganja vyote viwili kwa kidole gumba akitafuta vidonda, kisha husema, "Pita." Kiganja cha Nekoye alikuwa hajakigusa kwa miezi mitatu.

Sababu ilikuwa kinyama chekundu katikati ya kiganja cha kulia. Kilikua polepole, miaka miwili mizima, kikafika kiasi cha haragwe: laini, chenye majimaji, kimezungukwa na kimfereji, na kikigongwa kidogo tu kinavuja damu. Hata hakikuuma sana. Lakini binadamu hakosi la kusema. Mara ni kansa, mara ni laana, mara inaambukiza. Githae akamtoa kwenye meza ya kukata, akampeleka nje kuosha kreti, na wenzake wakamtengea kikombe chake cha chai. Hicho kikombe kilimuuma Nekoye kuliko kinyama chenyewe.

Akaenda Ruiru kwa Ndunge, daktari wa ngozi. Ndunge akakikata chote, akakipeleka maabara.

"Ni uvimbe wa tezi za jasho," akamwambia majibu yalipotoka. "Ni nadra kuuona, lakini si kansa. Na hauambukizi mtu."

Kidonda kilipopona, Nekoye akarudi kwenye foleni na barua ya daktari. Githae akaisoma mara mbili.

"Sawa, lakini rudi tu kwa kreti. Watu bado wanaogopa."

"Watu gani? Wataje."

Githae akakuna shingo. King'ora kilikuwa kimeshalia, na wanawake ishirini walikuwa wamekwama nyuma ya Nekoye, aliyeuziba mlango kwa mwili wake wote.

"Nekoye, wacha vituko."

"Barua umesoma. Shika huu mkono vile unashika ya wengine, ama leo hakuna mtu atapita hapa."

Alikuwa amechoka kuonewa, na hakujali tena nani anamtazama. Nyuma yake akasikia sauti ya Warigia, mmoja wa wale wale waliomtengea kikombe.

"Si umshike tu, Githae, tuingie kazi."

Githae akagusa kovu kijuujuu, mfano wa mtu anayepima pasi kama imepata moto. "Haya, pita."

"Hapo umenipapasa. Bonyeza."

Akabonyeza, safari hii sawasawa. "Pita."

Nekoye hakusogea. Akanyoosha mkono wa pili.

"Na cha kushoto," akasema. "Sheria ni viwili."