Vitamini ya Kuku

Jirani yetu, fundi cherehani, anadai alimwona mwanamke mpita njia akisimama mlangoni pa banda letu la kuku na kumsifia dada yangu: una mkono mzuri, kuku wako hawafi. Palepale, anasema, mkono ukaanza kuvimba. "Jicho hilo, mdogo wangu. Mimi nilikuwa natunga uzi, nikaona yote."

Mimi niliona waya wa wavu ukimchana kidole. Dada akacheka, akakifyonza, akaendelea kukoroga maji ya kuku kwa mkono uleule.

Sasa yuko wodini, na mimi ndiye ninayewafungulia kuku. Hawajanizoea. Dada akiingia alikuwa anawatania, "Haya, mabibi harusi, pisheni!" nao wanapisha. Nikisema mimi, wananitazama kama nimekuja kukagua. Kanga yake bado iko msumarini. Siifui, harufu yake isije ikatoka.

Jana daktari aliuliza kama mgonjwa alitumia dawa yoyote nyumbani.

"Huyu?" shemeji, mume wa dada, akasema. "Hata ya kichwa anaikimbia."

"Na hao kuku anaowafuga mnawapa nini?"

"Vitamini tu."

Kwetu ndilo jina la unga wa njano tunaowakorogea kwenye maji. Kuku wakizubaa, vitamini. Wakichangamka, vitamini, wasije wakazubaa. Leo nikampelekea daktari paketi. Akaisoma, akashusha pumzi.

"Binti, hii ni dawa ya kuua vidudu vya maradhi, jamaa ya hii tunayomchoma dada yako. Vidudu vya bandani vimeionja kila siku mpaka vimeizoea, kisha vikamwingia kidoleni. Ndiyo maana sindano hazimsaidii. Tunajaribu nyingine. Lakini akipona, asirudi kwenye maji yaleyale."

Dada alinishika kwa mkono usiovimba. "Wanangu wa bandani hawajambo?"

"Wanakuulizia."

Akageukia ukutani.

Jioni nilimkuta shemeji amechuchumaa mbele ya ndoo, anachana paketi mpya kwa meno.

"Shemeji, si nimekueleza alivyosema daktari?"

"Daktari anafuga? Hawa wakifa, dada yako atarudi kufanya nini hapa?"

"Atarudi kwetu sisi, kwako na kwangu." Nikashika mpini wa ndoo. "Wape maji matupu, shemeji. Nataka arudi. Nakuomba."

Akaitazama ndoo. Kuku walikuwa wakigonga vyombo vitupu kwa midomo, na paketi ilikuwa wazi mkononi mwake.