Mrithi wa Mama Regina

Sitaki kuambiwa nipunguze hasira. Nimekuwa katibu wa ushirika wa maziwa hapa Nyamwaga miaka kumi na moja, na hasira hii nimeipata kazini.

Siku hiyo walikuja wataalamu watatu kukusanya maoni juu ya rasimu ya sheria ya ushirika, sheria moja itakayotumika huku kwetu na nchi jirani ya Kenya. Wazo lenyewe halina ubaya. Sisi wa Tarime shangazi yuko Isebania, mkwe yuko Kehancha, na ng'ombe hajawahi kuulizwa pasipoti. Lakini taja kujiunga na ushirika wa upande wa pili uone, ghafla wewe ni mgeni. Kwa hiyo nilifurahi, na viti vya ukumbi wa kanisa nilivipanga mwenyewe.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kufurahi, nayo ilikuwa imekaa mstari wa tatu, kanga ya bluu, miguuni tope la zizini. Eunice.

Eunice ni Mkurya wa upande wa Kenya. Mama Regina, mmoja wa waanzilishi wa chama chetu, alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, akafanya kama walivyofanya wakubwa wetu: alitoa ng'ombe wa mahari, akamwoa Eunice. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoita. Mwanamke anaoa mwanamke ili nyumba isifutike, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya aliyetoa mahari. Eunice alizaa wawili, wote wanabeba jina la ukoo wa Mama Regina. Miaka kumi alikamua ng'ombe wa nyumba ile, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kufika na ndoo zake kwenye tangi letu la kupoozea maziwa.

Mwezi wa tatu Mama Regina akafariki. Matanga hayajaisha, kamati ikamwambia Eunice hawezi kurithi uanachama, maana masharti ya chama yanataka raia. Maziwa yake yakakataliwa. Tangu hapo anamwuzia mchuuzi wa pikipiki, ambaye huja akipenda, na asipokuja maziwa yanachacha. Ng'ombe wale wale, majani yale yale, mikono ile ile! Ilinikera mpaka nikawa siwezi kumtazama usoni.

Rasimu ilikuwa na dawa yake. Kifungu cha kumi na tisa kilisema mwanachama akifariki, mwenzi wake wa ndoa atarithi uanachama, hata akiwa raia wa nchi jirani.

Kiongozi wa wataalamu alikuwa wakili Vivian Abonyo, mtu wa Kisumu. Nilipomwuliza kama kifungu hicho kinamhusu Eunice, alitabasamu.

"Mama, hapo kidogo umeniacha. Huyo marehemu alikuwa mwanamke, na huyu pia ni mwanamke?"

"Ndiyo. Huyu ni mke wake."

Vijana wawili aliokuja nao wakacheka. Mmoja aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta kalamu. Walikuwa wanawaza ya kwao, wala si ya nyumba, zizi na watoto.

Nikamgeukia mwenyekiti wetu, Mzee Heche, awaeleze. Heche! Mtu ambaye bibi yake mzaa baba aliolewa na mwanamke, na bila ndoa ile asingekuwapo duniani. Akatazama dari, akasema, "Wageni wetu, hizo ni mila za zamani tu. Tusiwachoshe."

Hapo nikasimama.

"Mwenyekiti, jina la ukoo unalotamba nalo ulilipata kwa sababu mwanamke alitoa mahari. Leo unaona aibu mbele ya watu wenye kompyuta? Mila ilikuwa nzuri ilipokuleta wewe, imekuwa ya zamani ilipofika zamu ya Eunice?"

Ukumbi ukaguna. Nyuma mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Nilijiona shujaa kweli kweli.

Wakili hakuwa anatabasamu tena. Aliwatazama vijana wake mpaka wakanyamaza.

"Mama, nimekusikia," alisema. "Hiyo kifungu tunaweza kuiongezea maneno, iseme pia ndoa za kimila. Lakini huko juu naenda kuulizwa ushahidi. Daftari ya wanachama inasema huyu ni nani kwa marehemu?"

Nilijua daftari linasemaje. Miaka miwili nyuma alikuja mkaguzi kijana kutoka mjini, tukajaza kaya za wanachama wote. Mama Regina alisema wazi, "Andika mke wangu." Yule kijana akainua nyusi. Nami, mtu mzima, niliona haya mbele ya nyusi za kijana yule, nikaandika neno jingine. Mama Regina hakujua kusoma. Nilijiambia ni karatasi tu.

Daftari lilikuwa mezani, na Heche ndiye aliyelifungua. Akasoma taratibu, akilifurahia kila neno. "Kaya ya Regina. Eunice, umri miaka thelathini na mmoja. Uhusiano: msaidizi wa kazi." Akamsogezea wakili. "Huo ni mwandiko wa katibu wetu."

Nyani haoni kundule, na siku hiyo nyani nilikuwa mimi.

Eunice alisimama, akanigeukia. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza.

"Mama Happy, siku naletwa, wewe ndiye ulinishika mkono ukaniingiza ndani kwa Mama. Uliimba mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa naletwa kuwa nani?"

"Mke," nilisema.

"Na ukaandika nini?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nilimgeukia wakili, maana yeye alikuwa na kalamu mkononi.

"Andika," nikamwambia. "Andika kwamba Frida, katibu wa chama, aliandika uongo kwenye daftari kwa kuogopa kuchekwa. Huyu ni mke wa Regina. Mahari ilitolewa, nami nilikuwepo."

"Unajua unachosema?" Heche alifoka. "Katibu mwongo hatumtaki. Funguo za ofisi utazikabidhi leo hii!"

"Nitazikabidhi, Mwenyekiti."

Wakili alitoa fomu ya ushahidi, akamnyooshea Eunice pamoja na kalamu. Eunice amesoma mpaka kidato cha pili, na anaandika vizuri kuliko mimi. Lakini kalamu hakuipokea. Aliisukuma fomu juu ya meza mpaka ikafika mbele yangu.

"Andika wewe," alisema. "Mwandiko wako ndio wanaouamini."