Meza Inayovuta Vumbi

Cheche moja tu. Msasa wa mashine uligonga msumari uliojificha ndani ya ubao, cheche ikaruka, ikazama kwenye tundu la meza. Hamid alizima mashine, akaweka kiganja juu ya gunia chini ya meza. Baridi. Akaenda msikitini kuswali adhuhuri.

Meza hiyo aliiunda kwa sababu ya mkewe. Karakana yake ilikuwa uani kwao, Bungoma, na vumbi la mbao lilimfikia Nasro hadi kitandani, na pumu yake haikuwa na mzaha. Basi Hamid akatoboa uso wa meza kama chujio, akafunga chini yake sanduku na feni ya mashine ya kupepeta mahindi aliyoipata Kitale. Vumbi likawa linavutwa chini, linaingia guniani. Nasro akaanza kulala bila kukohoa.

Akirudi kutoka msikitini, mvua ikianza, alimkuta jirani yao Edinah kibarazani akikoroga maharagwe kwenye jiko la vumbi la mbao.

“Shemeji, hili vumbi lako ni tamu,” Edinah alisema. “Nimewasha asubuhi, na saa hii bado linakula ndani kwa ndani. Moshi hata huoni.”

Hamid alisimama.

“Si uko na sura ya mtu amekanyaga nyoka?”

Alikimbia.

Chini ya meza hapakuwa na gunia. Palikuwa na alama ya kuburutwa, ikielekea nyumbani. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani.

“Nasro.”

Akausukuma mlango kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili, komeo likang’oka. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua. Hewa ilinuka ubao ulioungua. Nasro alikuwa amelala ubavu, kifua kikipiga mluzi, na gunia lilikuwa chini ya kitanda.

Alitia mkono ndani. Juu baridi. Katikati, akauchomoa haraka.

Alitamani kulivuta kwa nguvu, lakini vumbi likitikiswa hulipuka. Akaliburuta polepole, kama anayemtoa mgonjwa, hadi uani, akalipasua kwa patasi. Katikati palikuwa pekundu. Mvua ikapiga, pakachemka.

Nasro alitokea mlangoni, ameshika kifua. “Sasa unamwaga vumbi la Edinah? Nimelificha lisilowe, bana.”

Hamid alimwendea, akaweka sikio mgongoni pake, akasikiliza pumzi ikiingia, ikitoka.

“Una nini wewe?”

“Pumua,” alisema. “Pumua tena.”