Siku Watoto wa Lusangi Walisoma Wima

Jirani yetu Mama Jeanine anasema yule mwalimu wa Kigoma alisimama tangu asubuhi mpaka saa sita, kwa sababu kule kwao Tanzania mwalimu haikalangi ku kiti mbele ya mutoto. Anasema magoti yake yalivimba, wakayapaka mawese, kisha wanaume wakamubeba mpaka ku pikipiki kama bibi arusi. Anasimulia ku kisima, ku soko, hata nje ya kanisa, na kila mara magoti yanazidi kuvimba.

Mimi nilikuwa pale. Mawese sikuyaona. Lakini kusimama alisimama kweli, na sababu ilianza kwetu, ku pasi yangu ya makaa.

Masomo yetu, ile shule ya Lusangi, ni ya watoto ambao hawapokelewi kwengine: wale ambao baba zao walishuka mu mashimo ya zahabu na hawakupanda tena, wale walioachiwa bibi, wale wanaoosha muchanga wa zahabu mutoni tangu alfajiri. Wazazi wenyewe walisimamisha miti, wakakandika udongo, wakaezeka manyasi. Mabanki ya kukalia hakuna, watoto wanaikala chini. Direkta Zacharie, mukubwa wa masomo na mwalimu wao, halipwi na Serikali, familia zinapokezana kumulimia mihogo. Na mutoto akichelewa ku mutoni, hafukuzwi. Anaingia, anaikala, mwenzake wa karibu anamunong'oneza yote yaliyopita, na Direkta anangoja. Mimi nilimaliza mwaka wa sita ku masomo yenye mabati na kengele, wala sikuwahi kuona mwalimu akingoja mutoto mumoja.

Shida ni kwamba yanaishia mwaka wa nne, na mudogo wangu Sonia iko mwaka wa nne.

Basi habari ikafika toka Kabambare. Kigoma, ng'ambo ya Tanganika, kuna kikundi cha walimu waliopumzika kazi. Kila mwaka wanachagua masomo ya watoto wenye kukosa na kuyasaidia kufungua darasa lingine. Mumoja wao, Mwalimu Apolinaria, anakuja kutuangalia. Akikubali, mwaka wa tano utafunguliwa. Akikataa, Sonia atashuka mutoni kuosha muchanga.

Mama Euphrasie, mukubwa wa wazazi, akatuita.

"Mugeni avuke Tanganika, apande pikipiki mu matope yote ile, akute watoto wetu na nguo za kupasuka? Hapana! Kila mutu aazime."

"Lakini Mama," nikasema, "si anakuja kuona watoto wenye kukosa?"

"Kukosa tunakosa. Lakini aibu hatutaki. Wewe Victorine, leta pasi."

Tukaazima kwa wake za wachuuzi, kwa waimbaji wa kanisa, kwa kila mwenye sanduku. Nikapiga pasi mpaka mukono ukafa ganzi. Sonia akapata nguo nyeupe ya komunyo ya binti wa muchuuzi mumoja. Mwenye nguo akamushika sikio: "Alama moja tu ya udongo, tutajuana." Na watoto wengine waliambiwa vile vile, kila mumoja na sikio lake.

Mwalimu Apolinaria akafika, amebebwa na Pitchou, kijana wa pikipiki, matope mpaka mu nyusi. Siku ile mu masomo yote hakukuwa mutu muchafu kuliko yeye. Akacheka mwenyewe, akanawa uso, akasalimia sisi mama mumoja mumoja kwa mikono miwili. Nikamupenda pale pale.

Direkta akasema, "Muikale."

Hakuna aliyeikala. Wakaangalia chini, wakaangalia nguo. Direkta akawaangalia, kisha akatuangalia sisi ku mulango, akaelewa. Akakohoa.

"Sawa. Leo tunasoma wima."

Akamusogezea mugeni kiti, kile kimoja tulicho nacho.

"Watoto wamesimama, mimi nikae?" akasema Mwalimu Apolinaria. "Hapana, baba. Tusimame wote."

Somo lilikuwa la kugawanya. Siku zote wanapanga maharagwe chini, mafungu kwa mafungu. Siku ile wakayashika mu viganja. Yakaanguka, na hakuna aliyetaka kupiga goti. Lakini majibu yalitoka! Wale watoto wanagawanya mu kichwa kama wachuuzi wa zahabu. Mugeni akauliza, wakajibu, akauliza la nguvu zaidi, wakajibu. Mimi kifua kilinijaa.

Ndipo Glody akaingia, ametoka mutoni, shati yake imepasuka, maji yanachuruzika. Habari ya nguo haikumufikia. Akaikala chini kama siku zote, akainua macho.

"Munasimama kwa nini? Kuna nyoka?"

Darasa lote likacheka. Sonia akainama, mukono mumoja umeinua ile nguo nyeupe, akaanza kumunong'oneza mafungu ya maharagwe. Direkta akangoja. Mugeni naye akangoja, ametulia kabisa.

"Na huyu?" akauliza mwishoni.

"Huyo anapita tu!" akajibu Mama Euphrasie toka mulangoni.

Saa sita mugeni akatushukuru. Akasema ameona masomo mengi ila hajaona watoto wanaofundishana vile. Kisha akasema, kwa upole, "Na jinsi mlivyowavika! Nitakuwa mkweli, ndugu zangu: nimepita mahali ambapo watoto hawana hata nguo. Nadhani wale wanatuhitaji zaidi."

Mama Euphrasie akapiga makofi kwa furaha ya sifa. Neno la pili halikumufikia. Direkta lilimufikia. Akageuka ku ubao, akafuta mahali ambapo hapakuandikwa kitu.

Sitawacheka wale mama. Walimupa mugeni kilicho kizuri kupita vyote, hata kama hakikuwa chao. Lakini nikachukua mufuko wa Mwalimu Apolinaria, nikamusindikiza.

"Mwalimu, zile nguo ni za kuazima. Mimi nilizipiga pasi. Watoto walikatazwa kuzichafua, ndiyo sababu walisimama. Glody ndiye aliyevaa kama siku zote."

Akasimama. Pitchou akapigisha pikipiki. "Mama, tupande! Mvua inakuja, daraja litatushinda!"

"We Victorine!" Mama Euphrasie akaita nyuma, anakuja na kuku wa zawadi kwapani. "Unamuambia nini mugeni wetu?"

Nikaongea haraka. "Urudi, Mwalimu. Kabla masomo hayajafungwa mwaka huu. Usitume habari, usimuambie mutu, hata Direkta. Uingie tu, uikale chini pamoja nao. Kisha ndipo useme nani anawahitaji. Utarudi?"

Akaniangalia, akamuangalia Mama Euphrasie aliyekwisha kufika. Akapokea kuku kwa mikono miwili, akapanda. Mpaka leo, pikipiki ikilia ku njia, ninatoka kuangalia nani anashuka.