Baba Chini ya Gari

Muuguzi alitandika boksi kuukuu la jokofu chini ya gari lake, mbele ya nyumba ya kupanga, akalala chali na kujisukuma ndani mpaka ikabaki miguu tu barabarani. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kula cha mchana. Silensa ilikuwa inaning'inia tangu juzi, na akiwasha gari mtaa mzima unajua nani anakwenda kazini. Gereji hana, ua hana, hata kipande cha ardhi kilicho sawa hana. Barabara ile imeinama, na kila akitaka kutengeneza gari huanza kwa kukingia magurudumu matofali, ndipo apandishe jeki. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alikuwa hoi, na nati haitaki kusikia.

"Usiilazimishe, mama," sauti ilisema kutoka upande wa pili. "Utaivua meno. Itie mafuta, halafu iache kidogo."

Alikuwa baba yake, fundi mzee, aliyefariki mwaka jana. Walimzika na suti, lakini alikuja na ovaroli. Suti, alisema, inambana makwapa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hebu toka huko, niangalie mwenyewe."

Mama wa chumba cha jirani alipita na ndoo ya nguo. "Mzee, umeadimika kweli!" alisema, akaenda zake kuanika.

Mzee aliingia chini ya gari, na nati ikaachia mara moja. Kukaza ndiko kulikomshinda. Alizungusha spana mpaka akachoka, nati ikabaki pale pale. Marehemu wanafungua tu, alieleza. Kukaza ni kwa walio hai. Muuguzi alisema haidhuru, atakaza mwenyewe, kwani siku zote anakaza nani?

Alikulia kwenye gereji ya mzee huyu, akimpa spana kabla hajaitaja. Wateja wakiuliza, mzee alikuwa akimnyooshea kidole na kusema mwenye gereji ni huyu hapa. Matanga yalipokwisha, kaka zake wawili walibadilisha kufuli. Mle ndani kuna shimo lililojengewa vizuri, gari linapita juu, fundi anasimama wima chini yake kama mtu na akili zake. Muuguzi aliwaomba shimo hilo Jumapili tu, siku wanayofunga. Kaka mkubwa alicheka. "Una kwako sasa, dada. Unatafuta nini kwenye grisi?"

Muuguzi alikuwa bado amechuchumaa kando ya gari, spana mkononi, tofali moja lilipopasuka. Gari lilisogea kidogo, jeki ikalala, na gari zima likamkalia mzee kifuani.

"Baba!"

"Nipo. Usipige kelele, watu wamepumzika. Nipe spana ya kumi na nne."

Akampa. Hofu iliyomshika haikuwa kwa ajili ya mzee. Muda mfupi tu uliopita, kifua kilichokuwa pale kilikuwa chake mwenyewe.

"Baba, ningekuwa mimi, ningekufa."

"Ungekufa," mzee alikubali.

"Basi waambie. Wewe watakusikiliza. Shimo tu, Baba. Jumapili tu."

Spana iligonga chuma.

"Nikiwaambia watanuna. Na mimi nalala pale pale gereji, kwenye kiti cha nyuma cha gari moja bovu. Wale wavulana hawana subira, unawajua. Wewe una moyo mkubwa tangu mdogo."

"Nimechoka na huo moyo mkubwa. Nimechoka, Baba, unanisikia?"

"Nakusikia. Pole, mama."

Na alimwonea huruma kweli, sauti ilionyesha. Lakini aligeukia nati nyingine. Jua lilipopoa alijitoa chini ya gari, akajikung'uta vumbi, akaenda kulala kwa wanawe.

Tangu hapo anakuja kila Jumapili. Jeki imewekwa uvunguni mwa kitanda. Mzee anaingia chini, anainua gari kwa kifua, na muuguzi anajilaza kando yake kukaza kile ambacho baba yake amefungua. Majirani wanasema amepata bahati, maana jeki nzuri siku hizi hazipatikani.

Juzi kaka zake walipita na gari jipya. Walipiga honi, wakapunga mikono, hawakusimama.

"Nani hao?" mzee aliuliza kutoka chini.

"Wanao."

"Hawajambo?"

"Hawajambo. Wamenenepa."

"Afadhali," alisema mzee, na kwa furaha kifua chake kikajaa, gari likapanda kidogo. Muuguzi alingoja litulie, halafu akaingia kukaza.