Kikopo Chenye Jina la Kaneez

...na hili hapa, la mviringo, kahawia kama chai ya rangi, ganda lake vinundu vinundu, nasogeza slaidi kidogo, na jingine, mayai ya minyoo, miaka kumi na moja nayaona kwenye darubini hii ya zahanati, nusu ya watoto wa Kawe nimeshawapima, ila leo kikopo cha choo kimeandikwa Kaneez Abuzar, miaka sita, na mwenyewe ameketi nyuma yangu, "Baba, umeona nini?", bado, nasema, bado natafuta... mwezi mzima homa, kikohozi, majipu, akipona Jumatatu, Alhamisi kalala tena, mama yake akasema labda ni barafu za shuleni, nami nikaitikia, ndiyo Zarin, ni barafu, huku nampima mtoto damu mara mbili kimyakimya, majibu safi na bado siamini, moyoni nilishasema saratani, nilishamzika mwanangu, Mungu anisamehe... kumbe ni hawa, wamejikalia tumboni wanakula chakula chake, wanaibembeleza kinga yake isiwafukuze, na kinga ikishabembelezwa hailegei kwa minyoo tu, kikohozi nacho kinapata mwanya, hata chanjo wakati mwingine haishiki sawasawa, nawaelezaga akina mama kila siku pale dirishani, nawaeleza kwa mbwembwe kabisa... na ile bustani ya uani, nani alimnunulia kijembe, mie, Zarin kasimama mlangoni na sabuni, "Abuzar, anawe kwanza," nikacheka, mwache bwana, udongo ndio unajenga kinga, Kaneez akang'oa karoti, akaifuta kwenye gauni, akaitafuna, akanikatia nusu kwa meno yake, nikala, tamu, tukatazamana kama wezi wawili waliofanikiwa... dawa ipo, kidonge cha kutafuna, tutatafuna wote watatu, na leo hii nitamwambia Zarin, si barafu, ni mie, mtaalamu wako, naye atasema "nilijua," bila hasira, atanisogezea chai, ndivyo alivyo... "Baba, ni kitu kibaya?" hapana mama, kidogo tu, kinatoka, nasema, na picha yote imeingia ukungu, nafuta jicho kwa mkono wa koti, nainama tena, "Basi na mie nione," pumzi yake ya moto shingoni mwangu, imejaa maziwa na kikohozi, subiri mama, subiri kidogo, Baba hajamaliza kutazama...