Pete Utosini

Nyayo zangu zilipoachana na sakafu, ngozi ya kichwa ilivutika hadi nyusi zikapanda, na machozi yakanitoka yenyewe.

"Usiishike kamba," Tabia alinionya kutoka chini. "Ukishindana nayo itakuumiza zaidi. Jiachie."

Tangu hapo nimepandishwa mara nyingi, mbele ya watu wengi, ila ninayoikumbuka ni ile ya kwanza.

Siku tatu kabla yake sikuwa na habari na sarakasi. Nilikuwa msusi Hillbrow, mtaa uliojaa wageni, Mkongo wa Uvira, miaka kumi nimesimama nyuma ya vichwa vya watu. Asubuhi moja ya mwaka 2017 Tabia aliingia saluni, mwanamke mwembamba wa Tanga, nywele zake mwenyewe zimemfika mgongoni. Akanitia pete ya chuma kiganjani.

"Dada, nataka unisukie hii utosini. Iwe imara. Nitaning'inia nayo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba kundi lao lilikuwa la wanawake sita, lingefanya onyesho Jumamosi kwenye hema huko Alexandra, na aliyekuwa akimsuka ameolewa Durban. Wasusi wawili walikwisha kumkatalia.

Siku ya tatu nilimfuata hemani, nikamsuka saa mbili nzima. Nililowesha nywele, nikapitisha kamba nyembamba ndani ya kila msuko, nikakaza kila fundo mara mbili. Nilipomaliza, niliivuta ile pete kwa mikono miwili kuijaribu. Miaka yote hiyo, msuko wangu mbaya kabisa ulikuwa umefumuka tu. Huu ungeweza kuua.

"Siwezi kukuacha upande," nikamwambia, "na sijui kichwa kinabeba nini. Nisuke mimi kwanza."

Ndivyo nilivyojikuta hewani. Nikajiachia kama alivyosema. Maumivu hayakuisha, lakini yalitawanyika kichwa kizima, yakageuka uzito, uzito wangu mwenyewe, nami nikauweza. Mgongo ulionisumbua miaka mingi ukanyooka. Chini, wale wanawake walipiga makofi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Juu kidogo."

Jioni mume wangu, Emery, mlinzi wa jengo moja Sandton, aliniona uso umevimba. Nikamweleza yote.

"Mama Gaëlle!" alifoka, akiniita kwa jina la binti yetu. "Bibi yangu, mke wa ndoa, avutwe kwa nywele mbele ya watu? Watu ya kanisa watasema nini?"

"Sivutwi," nilimjibu. "Nabeba mwili wangu."

Akachukua kofia yake, akaenda zamu ya usiku.

Jumamosi hema lilijaa. Kamba ilipompandisha Tabia, mama mmoja kando yangu alisema "Eish!" akafumba macho. Mimi sikuthubutu hata kupepesa. Alizunguka polepole, kisha kwa kasi, mikono wazi, mpaka sura yake ikapotea kwenye mzunguko, na mimi nikawa nayapitia mafundo yake akilini mwangu, moja baada ya jingine. Yote yalishika. Alipogusa sakafu nilikaa palepale chini.

Mtu aliniinua kwa kunishika kwapani. Alikuwa Emery, bado amevaa sare ya kazi, kofia mkononi. Sikujua alikuwa ameingia saa ngapi. Hakuniangalia. Macho yake yalikuwa juu, kwenye kapi, kile kigurudumu cha kupandishia, ambako kamba ilikuwa ingali ikicheza.

"Na wewe," akauliza, "unapanda lini?"